Kuelekeza poti kwenye ruta ili kuifikia nyumba janja ukiwa mbali: ifunguliwe moja tu, na iwe ya VPN

Kitasa (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Kila mara huja hapa mwenzetu aliyekwisha kuweka taa, kamera na swichi janja nyumbani kwake, vyote vinamtii akiwa sebuleni, lakini akitoka na kuingia kwenye mtandao wa simu havioni tena hata kimoja. Jibu analopewa huwa la mstari mmoja: ingia kwenye ruta, fungua poti 8123 (poti ni mlango wenye namba ambao mawasiliano huingilia), umemaliza. Mwenzetu hufanya hivyo, taa inawaka kutoka mbali, anashukuru na maongezi yanaishia hapo. Ninaandika kwa sababu jibu hilo limeacha sehemu muhimu, na sehemu iliyoachwa ndiyo inayowalinda watu wanaolala ndani ya nyumba hiyo.

Msimamo wangu nauweka mapema: ruta ya nyumbani ifunguliwe poti moja tu, na poti hiyo iwe ya VPN, yaani njia iliyosimbwa inayoiunganisha simu yako na mtandao wa nyumbani. Isiwe ya kamera, isiwe ya seva ya nyumba janja, na isiwe kabisa ya ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya ruta. Ndani ya nyumba kila kifaa kina anwani ya faragha, mara nyingi inayoanza na 192.168 au 10. Anwani hizo zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani tu, na hazisafirishwi kwenye intaneti ya wazi. Kwa nje nyumba nzima ina anwani moja, ambayo ni ya ruta. Simu yako ikiomba ukurasa fulani, ruta huandika kwenye jedwali lake kwamba ombi hili limetoka kwa kifaa fulani, hulituma kwa anwani ya nje, na jibu likirudi hutazama jedwali na kulikabidhi kwa aliyeomba. Pakiti, yaani kipande cha mawasiliano, inayobisha kutoka nje bila kuombwa haina mstari wowote katika jedwali hilo, kwa hiyo ruta huitupa. Kuelekeza poti ni kuandika wewe mwenyewe mstari wa kudumu unaosema kwamba chochote kitakachofika kwenye poti hii ya nje kipelekwe kwa kifaa kile cha ndani. Ruta haitauliza aliyekileta ni nani. Swali la "wewe ni nani" umemwachia yule anayepokea ndani, na ndiyo maana ni lazima tumchague kwa makini.

Mimi nilianza kama wengi walivyoanza. Nilifungua 8123, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya Home Assistant, programu ya seva yangu ya nyumba janja, na nikafungua 554 kwa ajili ya picha za kamera. Siku chache baadaye nilifungua kumbukumbu za seva kutafuta sababu ya taa moja kuchelewa kuwaka, nikakuta safu ndefu ya majaribio ya kuingia kutoka anwani nisizozijua. Hakuna aliyefanikiwa, kwa kuwa nywila ilikuwa ndefu. Lakini kamera haikuwa na kumbukumbu zozote za kufungua, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi: sikuwa na njia ya kujua kama kuna mtu aliyewahi kuitazama sebule yetu, watoto wakiwemo. Usiku ule ule nilifuta kanuni zote mbili.

Wala mambo haya si ya kubahatisha. Tangu mwaka 2009 ipo Shodan, injini ya kutafuta ambayo badala ya kurasa hukusanya vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti, kamera zikiwa miongoni mwake. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliingia katika idadi kubwa mno ya kamera na ruta kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zisizozidi mia moja, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo liliizidi nguvu kampuni ya Dyn iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wengi wa wenye kamera hizo huenda hawakuona dalili yoyote, maana picha ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Sasa utaratibu ninaoupendekeza. Kifaa kitakachopokea, iwe ni kompyuta ndogo au ruta yenyewe kama inaweza, kiwekewe WireGuard, ambayo ni programu ya VPN. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.6, hivyo inapatikana karibu kila mahali. Ya pili ndiyo kubwa: pakiti isiyokuwa na ufunguo sahihi haijibiwi kitu. Hakuna ukurasa wa kuingilia wala ujumbe wa "nywila si sahihi". Anayepitapita akibisha poti kwa poti hasikii chochote, na kwake poti hiyo haina tofauti na ile ambayo haipo.

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, kipe kifaa hicho anwani ya ndani isiyohama. Ruta hugawa anwani kwa muda, na umeme ukikatika mgao unaweza kubadilika. Kwangu iliwahi kutokea kanuni ikawa inapeleka pakiti kwenye televisheni, kwa kuwa televisheni ndiyo iliyowahi kuamka ikachukua 192.168.1.20. Tafuta katika ruta sehemu ya DHCP, ambayo ndiyo inayogawa anwani, kisha ifunge anwani hiyo kwa namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa.

Baada ya hapo nenda kwenye ukurasa ulioandikwa "Port Forwarding", ambao baadhi ya ruta huuita "Virtual Server" na nyingine huuficha chini ya "NAT". Jaza poti ya nje 51820, poti ya ndani 51820, anwani ya ndani ya kifaa chako, na kwenye itifaki, yaani namna ya kusafirisha pakiti, chagua UDP peke yake. Wengi huchagua zote mbili, TCP na UDP, kwa kudhani ni salama zaidi kutobahatisha. WireGuard haitumii TCP kabisa, kwa hiyo unaongeza kanuni isiyo na kazi. Sehemu inayoitwa "DMZ" usiiguse. Hiyo huelekeza poti zote 65,535 kwa kifaa kimoja, na sijaona nyumba ambayo kweli inaihitaji.

Kwa kuwa anwani ya nje ya nyumba nyingi hubadilika, jisajili kwenye huduma ya jina linaloifuata anwani, kama DuckDNS au No-IP, na uliweke jina hilo kwenye simu badala ya namba. Hapo pana jambo dogo la kukumbuka: WireGuard kwa kawaida hulitafuta jina mara moja tu, handaki (yaani muunganisho wa VPN) linapowashwa. Anwani ikibadilika handaki likiwa limewashwa, lizime na uliwashe upya kabla ya kuilaumu ruta.

Mama Wawili

Kaka Kitasa, ahsante kwa maelezo. Nimefuata kila hatua, kanuni iko, kifaa kina anwani isiyohama, lakini simu haipati chochote. Ukurasa wa ruta unaonyesha kwamba anwani yangu ya nje inaanza na 100.72, ila nikifungua tovuti inayokuambia anwani yako naona namba nyingine kabisa. Je, ruta yangu ni mbovu?

Kitasa

Dada, ruta yako ni nzima, na swali lako ndilo lililopaswa kutangulia hata kabla ya maelezo yangu yote. Naomba msamaha kwa kutoliweka juu. Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima wakifuta na kuandika upya kanuni ambayo tangu mwanzo ilikuwa sahihi.

Anwani za kizazi cha nne, yaani IPv4, jumla yake ni kama bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote ikaisha mwezi Februari 2011. Watoa huduma wengi wakalazimika kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama vile ruta yako inavyoviweka vifaa vyako nyuma yake. Kwa kazi hiyo yalitengwa mwaka 2012 masafa maalumu kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Anwani yako ya 100.72 imo humo. Maana yake ni kwamba kuna ruta nyingine kubwa, ya mtoa huduma, iliyosimama kati yako na intaneti. Pakiti yako inayobisha inafika kwenye ruta hiyo, inakosa mstari katika jedwali lake, na inatupwa huko huko. Kanuni uliyoiandika nyumbani haijawahi hata kuulizwa.

Kipimo kwa hiyo ni rahisi na kila mtu akifanye kwanza: fungua ukurasa wa hali ya ruta, tazama anwani iliyoandikwa "WAN", kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutambua anwani, simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani na bila VPN. Zikifanana, endelea na kuelekeza poti. Zikitofautiana, kanuni haitakusaidia hata uiandike mara kumi.

Una njia tatu. Unaweza kumwomba mtoa huduma wako anwani ya umma. Wapo wanaoitoa kwa ombi tu, wapo wanaoiuza kama huduma ya ziada, na wapo wasioitoa kabisa. Unaweza kutumia IPv6, kizazi kipya cha anwani, kama unayo, kwa sababu huko kila kifaa huwa na anwani yake ya wazi na hakuna haja ya kuelekeza chochote, ila ni lazima uiruhusu poti hiyo moja kwenye faiawoli ya ruta, na mtandao wa simu yako nao uwe na IPv6. Njia ya tatu ni huduma kama Tailscale au ZeroTier, ambamo kifaa cha nyumbani na simu vyote viwili huanza mazungumzo kutoka ndani kwenda nje, na huduma huvikutanisha katikati. Kwa njia hiyo hufungui poti hata moja.

Mzee wa Waya

Naongeza jambo moja kwa wenye anwani zinazotofautiana lakini si za 100.64. Ukiona "WAN" ya ruta yako inaanza na 192.168 au 10, inawezekana kabisa kwamba tatizo si la mtoa huduma. Nyumba nyingi zina modemu iliyoletwa na mtoa huduma ambayo nayo ni ruta, kisha mwenye nyumba akaongeza ruta yake nzuri zaidi nyuma yake. Ruta mbili zimepangana, na kila moja ina jedwali lake. Ama uiweke modemu kwenye hali ya daraja ili ruta yako ndiyo ipokee anwani ya umma, ama uandike kanuni kwenye zote mbili, ya kwanza ikielekeza kwa ruta ya pili na ya pili ikielekeza kwa kifaa. Mimi huchagua daraja, kwa sababu kanuni mbili ni vitu viwili vya kusahau.

Na wakuu, zimeni UPnP. Hiyo ni huduma inayoruhusu kifaa chochote ndani ya nyumba kuiomba ruta imfungulie poti, na ruta hutii bila kumwuliza mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na kanuni moja nadhifu ya 51820, kumbe kamera aliyoinunua imejifungulia poti zake mbili kimya kimya. Kwenye ruta nyingi ukurasa wa UPnP una orodha ya poti zilizofunguliwa. Itazameni kabla ya kuizima, mtajua ni nani alikuwa akiomba.

Kitasa

Mzee wa Waya, umesema kweli tupu. Nilipoitazama orodha hiyo kwangu nilikuta kinasa picha cha kamera kimejifungulia 80 na 8000, wakati mimi nilikuwa nimeshafuta kanuni zangu na kujiona nimefunga kila kitu. Yeyote anayesoma uzi huu asifanye hatua nyingine yoyote kabla ya hiyo.

Bawaba

Ndugu Kitasa, ninakubaliana nawe kuhusu kamera, lakini kuhusu seva ya nyumba janja naona umekaza mno. Wazazi wangu ni watu wazima na sitaki wawe wanawasha VPN kila wanapotaka kuona kama geti limefungwa. Mimi nimefungua 443 peke yake, poti ya tovuti zilizosimbwa, mbele ya seva nimeweka Nginx, programu inayopokea maombi kwa niaba yake, yenye cheti cha usimbaji kutoka Let's Encrypt, na seva yenyewe hata haionekani moja kwa moja. Mawasiliano yamesimbwa, nywila ni imara, na jina la seva nimelifanya gumu ili asilikisie mtu. Je, hapo pana kosa?

Kitasa

Ndugu Bawaba, ulichofanya kiko mbali sana na kufungua 8123 ikiwa uchi, na kwa mtu mwenye sababu kama yako sitasema ni kosa. Lakini ninaomba tuziangalie hizo kinga moja moja, kwa sababu baadhi yake hazikulindi dhidi ya kile unachokidhania.

Cheti kinazuia mtu wa katikati asisome nywila yako njiani. Hakimzuii mtu wa mwisho wa dunia kufungua ukurasa ule ule na kujaribu nywila zake, naye mawasiliano yake yatasimbwa vizuri kama ya kwako. Zaidi ya hapo, siku utakayogundulika udhaifu katika programu ya seva yenyewe, unaomruhusu mtu kupita bila nywila, ukurasa wako utakuwa mbele ya dunia nzima na usalama wako utategemea umesasisha saa ngapi.

Kuhusu jina gumu, nasikitika kusema kwamba halina siri. Vyeti vinavyotolewa na Let's Encrypt huandikwa kwenye daftari za wazi ambazo yeyote anaweza kuzisoma, na wapo wanaozisoma mfululizo kutafuta majina mapya. Ukitaka jina la ndani lisionekane, omba cheti cha nyota kinachofunika majina yote ya kikoa chako, ambacho huthibitishwa kwa njia ya DNS, mfumo wa majina ya tovuti. Njia hiyo pia inakuondolea haja ya kufungua poti 80 kwa ajili ya uthibitisho, nawe unabaki na 443 peke yake. Vilevile wapo wanaohamisha huduma kwenye poti ya ajabu, kama 48213, wakiamini haitapatikana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa zana ya ZMap, iliyoweza kubisha kwenye poti moja ya karibu anwani zote za IPv4 chini ya saa moja kwa kompyuta moja yenye muunganisho wa gigabiti. Poti ya ajabu inapunguza kelele kwenye kumbukumbu zako, lakini anayekutafuta atakupata.

Ukibaki na 443, basi fanya haya. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila akaunti, pamoja na za wazazi. Katika Home Assistant washa "ip_ban_enabled" na uweke kikomo cha majaribio. Na hapa kuna mtego ambao nimeuona ukiwaangusha watu makini: kama hukuandika anwani ya Nginx kwenye "trusted_proxies" pamoja na "use_x_forwarded_for", seva ama itayakataa maombi hayo, ama itaona kila anayekuja ana anwani ya Nginx. Hapo jaribio baya la mgeni linaweza kumfungia nje Nginx, na wewe na wazazi wako mkafungiwa naye.

Ila kuhusu wazazi, nina njia ninayoipenda zaidi. Programu ya WireGuard kwenye iPhone ina mpangilio wa kuwasha handaki yenyewe simu inapotoka kwenye Wi-Fi ya nyumbani, na kwenye Android unaweza kuiacha ikiwa imewashwa siku zote, kwa sharti kwamba umeiambia ipeleke kwenye handaki mawasiliano ya nyumbani peke yake. Mama hatagusa chochote. Nimemwekea mama yangu hivyo, na nina hakika hajui kwamba ipo.

Bawaba

Nimeelewa. Hilo la daftari za vyeti sikuwa na habari nalo, na nimejitafuta sasa hivi nikalikuta jina langu lote limeandikwa. Nitaanza na uthibitisho wa hatua mbili leo hii, na mwisho wa wiki nitawajaribia wazazi njia ya handaki.

Bi Taa

Shikamooni wakubwa. Kwangu anwani zinafanana, kanuni nimeandika, lakini kila tovuti ya kupima poti inaniambia 51820 imefungwa. Nikiijaribu simu hapa sebuleni haikubali. Nimefuta na kuandika upya mara nne.

Kitasa

Marahaba mdogo wangu, usifute tena. Una mambo mawili yaliyochanganyika, na huenda hakuna lililoharibika.

Tovuti nyingi za kupima poti hupima TCP. Wewe umefungua UDP. Hata ile inayojaribu UDP haitapata jibu, kwa sababu WireGuard haimjibu asiye na ufunguo. Matokeo ya "imefungwa" ndiyo sura ya WireGuard inayofanya kazi yake. La pili, usiijaribu ukiwa ndani. Simu yako ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani inapoliita jina la nje, pakiti huenda hadi kwenye ruta, na ruta inatakiwa izigeuze zirudi ndani. Ruta nyingi hazijui kugeuza hivyo. Zima Wi-Fi, tumia data ya simu, washa handaki, kisha tazama kwenye programu mstari wa "Latest handshake". Ukiona muda wa sekunde chache zilizopita, vifaa vimetambuana na poti yako ni nzima.

Bi Taa

Nimezima Wi-Fi na mstari umetokea, sekunde 4! Ukurasa wa taa nao umefunguka. Lakini jana nilikuwa kwa dada yangu, nikatumia Wi-Fi yake: vifaa vinatambuana, ila ukurasa wa 192.168.1.20 haufunguki, na mara moja ukafunguka ukurasa wa printa nisiyoijua.

Kitasa

Hiyo printa ni ya dada yako, na imekueleza tatizo lenyewe. Mtandao wa kwako na wa kwake yote miwili inatumia 192.168.1, kwa sababu ruta nyingi hutoka kiwandani hivyo. Simu yako ikiitafuta 192.168.1.20 inaona anwani hiyo iko hapo hapo ilipo, jirani yake, kwa hiyo haina sababu ya kuipitisha kwenye handaki.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha mtandao wa nyumbani kwako uwe wa namba isiyo ya kawaida, kwa mfano 192.168.73. Fanya kazi hiyo siku ambayo una saa mbili za utulivu, maana kila kifaa kitapokea anwani mpya, zile ulizozifunga kwa MAC utaziandika upya, kanuni ya poti utaielekeza kwa 192.168.73.20, na mahali popote ulipoandika anwani kwa namba pataharibika hadi upasahihishe. Kisha kwenye simu, sehemu ya "AllowedIPs", andika mistari miwili tu: 10.8.0.1/32, ambayo ni seva ndani ya handaki, na 192.168.73.0/24, ambayo ni nyumba yako. Ukiandika 0.0.0.0/0, intaneti yote ya simu itapitia nyumbani na utaona kila kitu kimekuwa kizito.

Na kama baada ya hapo utaifikia seva lakini si kamera wala taa nyingine, sababu itakuwa kwamba seva haijaruhusiwa kupitisha pakiti za wengine. Kwenye Linux weka "net.ipv4.ip_forward=1", kisha ama uandike kwenye ruta njia ya kurudi ya 10.8.0.0/24 kupitia seva, ama uiambie seva izivishe pakiti hizo anwani yake yenyewe. Bila hilo kamera hupokea swali lako, ila jibu linaelekea kwenye ruta, na ruta haijui 10.8.0 ni nyumba ya nani.

Kitu kimoja zaidi kwa wenye simu zaidi ya moja: kila simu iwe na jozi yake ya funguo. Usinakili faili moja kwenye simu za familia nzima. Simu ikipotea, unafuta mstari wake mmoja kwenye seva, na wengine wanaendelea kama kawaida.

Mama Wawili

Nimerudi na majibu. Mtoa huduma wangu amekataa kunipa anwani ya umma, kwa hiyo nimeweka Tailscale kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani na kwenye simu. Kanuni ya 51820 nimeifuta, UPnP nimezima, na nikiwa kazini nimeona kamera ya mlangoni vizuri kabisa. Swali langu la mwisho: simu sasa inaonyesha anwani inayoanza na 100 tena. Je, nimerudi kule kule kwa ruta ya mtoa huduma?

Kitasa

Hapana dada, hujarudi. Tailscale hugawa anwani zake kutoka masafa yale yale ya 100.64 hadi 100.127, kwa kuwa hazigongani na anwani za kawaida za nyumbani. Ile ya 100.72 uliyoiona kwenye ruta ni ya mtoa huduma. Hii iliyo kwenye simu ni ya mtandao wako mwenyewe, na anayeifikia ni kifaa ulichokiruhusu kwenye akaunti yako tu. Iwekee akaunti hiyo uthibitisho wa hatua mbili, kwa maana sasa ndiyo funguo za nyumba. Vilevile ingia kwenye ukurasa wa vifaa na uzime ukomo wa ufunguo kwa kompyuta ya nyumbani peke yake. Usipofanya hivyo, ufunguo wake utaisha muda baada ya miezi kadhaa, na unaweza kuisha siku ambayo uko safarini na hakuna mtu nyumbani wa kuingia upya.

Mama Wawili

Nimeukuta ukomo huo, ulikuwa umewashwa. Nimeuzima sasa hivi.